Kimondo cha Mbozi na Wasiotajwa

Makala nyingi za sayansi kuhusu Kimondo cha Mbozi, kilichopo mkoani Songwe si mbali na barabara kuu iendayo Tunduma, huanzia mwaka 1930, pale mpima ardhi W. H. Nott "alipokigundua". Kitenzi hicho kinanikera. Wenyeji wa miteremko ya Marengi walikifahamu tangu zamani. Lakini kukereka hakutoshi, maana lipo swali gumu zaidi: twajuaje kwamba kilitoka angani? Simulizi za wenyeji hazikumbuki kuanguka kwake, na shimo halipo.

Jibu limo ndani ya chuma chenyewe. Kimondo kina urefu wa takriban mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Kwa asilimia 90 hivi ni chuma, na zaidi ya asilimia 8 ni nikeli. Kipande cha kimondo cha namna hii kikikatwa, kikasuguliwa hadi king'ae, kisha kikapakwa tindikali, hutokeza mistari iliyopishana kama ukili wa mkeka. Hizo ni fuwele zilizokua metali ikipoa taratibu mno, kwa mamilioni ya miaka, ndani ya gimba la angani lililovunjika baadaye. Wahunzi wa Kinyiha walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma, ila tanuri lao, kama tanuri lolote duniani, lisingeweza kukifuma chuma hivyo.

Ulaya yenyewe ilichelewa kusadiki. Ernst Chladni alipoandika mwaka 1794 kwamba mawe na vyuma vya aina hii hutoka angani, wasomi wengi walimbeza. Aprili 1803 mvua ya mawe hayo iliangukia L'Aigle, Ufaransa, na mwanafizikia kijana, Jean-Baptiste Biot, akatumwa kuchunguza. Alitembea kijiji hadi kijiji, akawahoji watu wa kawaida, akalinganisha kauli zao na mahali mawe yalipookotwa. Ripoti yake ndiyo iliyowageuza wasomi. Angalia ilivyojengwa: neno la mkulima lilihesabiwa kuwa ushahidi.

Kwetu jambo la namna hiyo lilimpata Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa ukiwa moto ukiganda mapema kuliko uliopozwa. Akachekwa. Baadaye, huko Mkwawa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, naye akaenda kulijaribu. Mwaka 1969 wakachapisha matokeo pamoja. Wanafizikia wangali wakibishana juu ya jambo lenyewe, lakini jina la Mpemba limo vitabuni.

Mbozi haijapata Biot wake. Kwa hiyo wanafunzi wangu watokao Vwawa, Mlowo na Tunduma nimewapa kazi ya likizo: wawaulize wazee babu zao walikiitaje kimondo kile, walikiogopa au walikigonga nyundo, na nani alikatazwa kukikaribia. Waandike majibu, na kando ya kila jibu waandike jina la mzee aliyelitoa, kwa ridhaa yake.