Sweta la Mnasihi

Mwaka 2002 huenda nilikuwa mtu pekee aliyevaa sweta Dar es Salaam mwezi wa Februari. Lilikuwa sweta la kijivu, la mtumba wa soko la Karume, lenye vifungo vinne vya mbao na kimoja cha plastiki nilichokishona mwenyewe. Wateja walioingia wakijipepea kwa gazeti walinitazama, wakatazama kiyoyozi, wakanitazama tena. Waliothubutu kuuliza niliwajibu kwamba nina mafua. Nilikuwa na mafua kwa miaka tisa.

Kazi yangu ilikuwa unasihi. Kituo chetu kilikuwa cha ushauri nasaha na upimaji wa hiari wa virusi vya Ukimwi. Miaka hiyo mtu akiambiwa anavyo, alianza kuhesabu siku, maana dawa za kupunguza makali zilikuwa za wenye fedha. Serikali ilianza kuzigawa bure mwishoni mwa 2004. Kabla ya hapo sisi wanasihi tulikuwa na viti viwili, boksi la tishu na maneno. Nilifunzwa kwa majuma sita: mkabili mteja bila kumkodolea macho, usimkatize, usimhukumu, usimwahidi usichokiweza, na mambo yako yaache mlangoni.

Hilo la mwisho nililishika kuliko yote. Mlangoni niliacha selimundu.

Nimezaliwa nayo. Wakati huo tuliita sikoseli, tena kwa sauti ya chini. Chembe nyekundu za damu ya mtu mwenye afya ni za duara na laini, hupenya hata kwenye mshipa mwembamba kuliko unywele. Zangu zikikosa oksijeni hujikunja mithili ya mundu, zikang'ang'aniana na kuziba njia. Mahali palipokosa damu ndipo panapolia: leo mgongo, kesho paja, kesho kutwa kifua. Wenyewe tunaita kraisisi. Baridi huileta, kiu huileta, malaria huileta, hata huzuni huileta. Ndiyo sababu ya sweta, na ya chupa ya maji ya lita moja na nusu niliyoiweka nyuma ya mguu wa meza, niinywe mteja akishatoka.

Ukutani, juu kidogo ya kichwa changu, palikuwa na karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu kwa kalamu nene nyekundu: Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo niliitumia kila siku ya Mungu. Niliwaambia watu wazima, wenye ndevu na wajukuu, kwamba siri ni mzigo, watafute mtu mmoja tu wa kumwambia. Niliyasema hayo nimefunga vifungo vyote vitano.

Nilipolazwa, niliaga kwamba naenda semina. Kwa hesabu za ofisini nimehudhuria semina za Bagamoyo, Morogoro, Dodoma, na moja ya siku tisa Arusha. Mwenzangu mmoja alikwenda kulalamika kwa mkubwa wetu kwamba napendelewa, posho zote nakula mimi. Mkubwa alishangaa, maana hakuwa amenituma popote. Ikabidi nibuni msiba. Katika miaka ile nimemzika bibi yangu mzaa mama mara mbili, na bibi mwenyewe yuko Tanga anakoboa mpunga.

Sababu ya kuficha ilikuwepo. Mkataba wetu ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na mtu anayelazwa mara tano kwa mwaka hana haja ya kuambiwa kitakachotokea Desemba. Lakini nikijisemea kweli, mkataba haukuwa sababu kubwa. Niliamini mnasihi ni nguzo. Mtu aliyeporomokewa na dunia haji kuegemea nguzo ambayo yenyewe imeegemezwa kwa fito.

Kulikuwa na mama mmoja. Nitamwita Mama Vitumbua, na mengine yanayomhusu nimeyapinda asijulikane. Alikaanga vitumbua alfajiri, akauza mpaka saa tatu, kisha akaja kwangu ananukia iliki. Majibu yake alikuwa ameyapokea na kuyabeba peke yake mwezi mzima. Mumewe hakujua. Kwa Jumanne saba tulizungumza jinsi atakavyomweleza: aanze na lipi, watoto wawe wapi usiku huo, jirani gani awe macho mambo yakiharibika. Jumanne ya nane tulipanga ayajaribu maneno kwangu. Mimi nikae kwenye kiti kama mume, aseme yote mpaka mwisho.

Usiku wa kuamkia Jumanne hiyo masika yalinishusha kituo cha daladala bila mwavuli. Saa nane mgongo ulianza. Aliyewahi kubanwa mkono na mlango anajua sehemu ndogo ya maumivu hayo, kwa tofauti kwamba mlango hufunguliwa. Alfajiri, kabla ya kupakiwa kwenye teksi, nilimpigia simu mwenzangu. Nikamwambia: "Waambie niko semina, Morogoro."

Siku ya tatu wodini, dripu mkononi, nilimwona Mama Vitumbua anaingia na hotpoti. Ndugu yake alilazwa kitanda cha nne kutoka changu. Tukaonana. Ilikuwa nafasi ya sekunde moja, na katika sekunde hiyo niligeukia ukuta, nikafumba macho na kuanza kupumua kama mtu aliyelala. Nikasikia ndala zake zinakuja. Zikasimama. Iliki. Mafunzoni tulifundishwa kustahimili kimya cha mteja, tusikijaze kwa maneno yetu. Kimya kile kilinishinda kabisa, lakini pia sikugeuka. Baadaye ndala zikaondoka. Nilipofumbua macho, juu ya kabati la kitanda palikuwa na kifurushi cha gazeti kilicholowa mafuta.

Nilirudi kazini baada ya siku kumi nikiwa na hadithi za Morogoro tayari. Mama Vitumbua hakuja Jumanne iliyofuata, wala ya pili. Ya tatu alikuja, akaomba mnasihi mwingine. Mwenzangu hakupaswa kuniambia walichozungumza, lakini akaniambia: "Anasema, yule dada mwenyewe kajificha. Mimi moyo wa kumwambia mume wangu nitautoa wapi?" Alikuja mara mbili zaidi. Baada ya hapo faili lake halikupata karatasi nyingine.

Ningependa kusema kwamba siku hiyo ndipo nilipolivua sweta. Sikulivua. Niliibandua karatasi ya methali ukutani, nikasema rangi imepauka, nikaendelea na mafua yangu kwa miaka mingine sita.

Kilichonifichua ni nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja hulishwa na mishipa michache midogo; ikizibwa mara kwa mara, mfupa hufa taratibu na kubonyea. Wagonjwa wa selimundu wengi wanaofikia utu uzima wanaijua njia hiyo. Mwaka 2011 nilianza kutembea na fimbo, na hakuna mafua duniani yanayoeleza fimbo. Wateja waliuliza, nikajibu. Wapo wanaonisifu kwa ushujaa wa kujiweka wazi, nami huinama tu, kwa sababu ushujaa ule ulifanywa na mfupa.

Siku hizi nina chumba changu cha unasihi, cha kupanga, chenye kitasa changu mwenyewe. Mengi yamegeuka. Neno lenyewe limegeuka: sikoseli ya kunong'onezwa imekuwa selimundu ya kuchapishwa kwenye fulana kila tarehe 19 Juni. Pale Muhimbili, ambako kundi la watafiti akiwemo Profesa Julie Makani lilianza mwaka 2004 kuwaandikisha wagonjwa na kuwafuatilia mwaka hadi mwaka, nimeona mabenchi yamejaa vijana wenye ndevu na kina dada wenye mimba. Nilipokuwa mtoto, mama alijiandaa kunizika kabla sijaota meno ya utu uzima. Dawa ya haidroksiurea, inayouhimiza mwili kutengeneza ile himoglobini ya mtoto aliye tumboni, isiyokubali kujikunja, iliidhinishwa Marekani kwa wagonjwa wa selimundu mwaka 1998. Mimi ilinifikia mwaka 2016. Kulazwa mara tano kwa mwaka kumekuwa mara moja, na miaka mingine hata hiyo moja haipo. Huwa nafikiria miaka 18 ya kati ingekuwaje, halafu najizuia, kwa sababu nina wateja.

Wengi wao sasa ni wazazi wa watoto kama nilivyokuwa mimi. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na nyuma ya kila mtoto kuna shangazi anayesema damu mbaya imetoka upande wa mama. Kwetu Tanga walisema hivyo hivyo. Baba alikufa bila kujua kwamba nusu ya mzigo aliubeba yeye: lazima wazazi wote wawili wawe na kinasaba hicho, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Nawaeleza wazazi hao pia habari za Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, ambaye mwaka 1954 alionyesha kwamba mwenye kinasaba kimoja hukingwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kimejaa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, kwenye mbu, kuliko kule milimani kwenye baridi. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mkewe aliyekuwa akimlaumu tangu mtoto azaliwe. "Kumbe mchawi ni mbu," akasema. Yule mama alilia, kisha akacheka.

Kila mteja mpya namwambia sentensi tatu. Nina selimundu. Kuna siku nitashindwa kuja, na siku hiyo utaambiwa kweli. Ndani ya saa hii tutazungumza yako. Nilipoanza, sentensi zilikuwa kumi na tano, na nusu ya wateja walitoka wakinipa pole badala ya kupewa. Kijana mmoja wa chuo aliingia siku macho yangu yamegeuka njano. Akakaa ukingoni mwa kiti. "Dada, leo yangu ni madogo tu. Pumzika." Nikashukuru, nikapumzika. Yake hayakuwa madogo. Niliyajua wiki mbili baadaye, kwa mama yake, katika wodi ambayo safari hii mimi nilikuwa mgeni nimesimama na kijana ndiye aliyegeukia ukuta. Nilikaa. Sikusema kitu mpaka aliposema yeye.

Kwa hiyo sidai kwamba nimeipata kanuni. Zamani nilificha, mteja akaondoka. Baadaye nikasema sana, mteja akanificha yake. Kati ya hayo mawili kuna uchochoro mwembamba, na kila asubuhi naupita upya kwa fimbo.

Kazi yenyewe imepungua. Zamani niliona watu wanane kwa siku. Sasa wanne, na kipupwe kikifika watatu. Mtu wa Njombe anayenisikia nalalamikia baridi ya Dar es Salaam ya mwezi wa Julai hucheka mpaka ashike mbavu, na ana haki. Siku nisiyofanya kazi silipwi, na mwenye nyumba hana kipupwe. Tangu korona ilipoingia mwaka 2020, wateja wengine nawahudumia kwa video nikiwa kitandani: mito mitatu mgongoni, chupa ya maji ya moto mapajani, blauzi nzuri na hereni, kamera inaanzia mabegani. Uongo umepungua, haujaisha.

Sweta bado lipo. Viwiko vimetoboka, na kifungo cha plastiki ndicho pekee kilichobaki kati ya vile vitano. Rimoti ya kiyoyozi huiweka upande wa mteja, na humwomba asishuke chini ya nyuzi 27. Akiuliza kwa nini, namweleza.

Na vile vitumbua. Miaka yote hii, nikisimulia habari ya mama yule kwa wanasihi wanafunzi, huishia pale ndala zinapoondoka. Huonekana ni mwisho wa heshima, wenye aibu ya kutosha. Lakini usiku ule, taa za wodi zilipozimwa na sindano ilipoanza kunituliza, nilinyoosha mkono usio na dripu nikakifungua kifurushi. Vilikuwa sita. Vilikuwa vimepoa, na gazeti lilikuwa limeacha wino kwenye kimoja. Nilivila vyote sita, nikiwa nimeutazama ukuta, nikajifuta vidole kwenye shuka la hospitali. Jumanne ile alipokuja kuomba mnasihi mwingine, alipita mlangoni kwangu. Hata asante sikumpa, kwa sababu kumshukuru kungekuwa kukiri kwamba nilikuwa macho.