Motakaa Yetu ya Kasubi

Baba alinunua motakaa ndogo iliyokwisha tumika Japani. Sheria ya mwaka 2018 yakataza kuingiza Uganda magari yaliyotimiza miaka 15. Yetu ilikuwa na 13. Kazi yangu ilikuwa kutia maji katika rejeta kila asubuhi.

Siku moja nilifanya uvivu. Usiku ule nyanya alishikwa na pumu, tukampakia kwenda hospitali. Katika Barabara ya Hoima injini ikachemka, ikazimika. Kijana wa bodaboda ndiye aliyemfikisha, mama akimshikilia nyuma.

Nyanya alipona. Baba hakunigombeza, kulipokucha alinipa kopo la maji, akanyamaza. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta, labda walikuwa wameniona mimi.