Nilizima Kengele

Wasee, leo sina kichekesho. Leo nawaambia kitu nilichowaficha miezi sita: nilikuwa na TB.

Mnakumbuka vile nilipotea, nikasema simu imeibiwa? Uongo. Nilikohoa wiki nne nikidhani ni vumbi la Kayole, usiku shuka inalowa jasho. Kliniki wakapima makohozi, wakanipa dawa za bure. Miezi miwili ya kwanza aina nne za dawa, minne ya mwisho aina mbili. Waliniambia mkojo utageuka rangi ya Fanta, nisishtuke. Nilishtuka.

Mimi ni mtu wa simu, basi nikaseti kengele ya saa mbili usiku. Rahisi, si ndiyo? Wiki ya tatu kikohozi kikaisha, uzito ukaanza kurudi, nikajiona nimepona. Kengele inalia, naizima, naendelea kuediti video. Siku nne zikapita hivyo. Na ukiacha dawa katikati, vidudu vilivyobaki vinaweza kuizoea, halafu matibabu yanakuwa magumu zaidi.

Dada yangu, ako saluni Nakuru, akaniuliza kama nameza. Nikasema ndiyo.

"Sawa. Piga video nione."

Nikanyamaza. Akajua.

Tangu siku hiyo, kila usiku naweka vidonge kwa ulimi, nakunywa maji, nafungua mdomo kama mtoto wa nasari. Nilidhani ni ujanja wake, kumbe tangu 2017 Shirika la Afya Duniani linakubali mgonjwa atazamwe kwa video akimeza dawa.

Na usiseme ni ya wenye bando pekee. Hapa Nairobi kuna mradi uliitwa Keheala, ulitumia kodi za kubonyeza hata kwa kabambe. Mgonjwa anathibitisha amemeza. Akinyamaza, anatumiwa ujumbe, na akizidi kunyamaza, mtu anampigia. Matokeo yalitoka 2019, wagonjwa zaidi ya 1,000: waliotumia huduma hiyo, matibabu hayakufaulu kwa asilimia 4.2. Wale wengine, asilimia 13.1.

Mimi naona siri iko hapo kwa kupigiwa. Kengele yangu ilikuwa inalia vizuri tu, lakini nikiizima hakuna aliyejua. Usiku mmoja nililala mapema bila kumeza. Dada alipiga mara tisa, kisha akampigia jirani anigongee mlango. Nilikasirika vibaya sana. Nikameza.

Mwezi jana nilimaliza. Makohozi ni safi.

Niliwaficha kwa sababu niliogopa mtaanza kukwepa kikombe changu. Lakini kuna mtu anasoma hii akiwa na vidonge chini ya godoro. Msee, usiitegemee kengele pekee. Tafuta mtu mmoja wa kumfungulia mdomo.

Na wewe mwenye rafiki amepotea kwa grupu, usimtumie emoji. Mpigie.