Maziwa Ndani ya Oili

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema, hata hivyo, kwamba kila wingu ni mvua. Sisi wanafunzi wa fasihi twaonywa kila uchao tusiing'oe ishara katika muktadha wake, kisha tukaifasiri tutakavyo. Uzito wa onyo hilo niliuona nje ya darasa, kwenye gari kuukuu la baba yangu huko Kinangop.

Uwanda huo uko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai ukungu huweza kutanda hadi saa nne za asubuhi. Kila alfajiri baba hupeleka maziwa kwa pikapu yake aina ya Peugeot 504 hadi kituo cha kukusanyia, mwendo wa kilomita 3 tu, kisha huizima. Julai moja, fundi alifungua kifuniko cha kutilia oili akakuta utando mzito wenye rangi ya maziwa.

"Mzee, gasketi imeungua," akasema. "Maji yameingia kwenye oili. Injini hii ni ya kufunguliwa."

Gharama aliyoitaja ilimfanya baba aanze kumtafutia mnunuzi mtamba aliyetengwa kwa karo ya ndugu yangu mdogo.

Fundi huyo hakubuni. Gasketi ya silinda hedi ikiungua, maji ya rejeta huweza kupenya hadi kwenye oili, vikachanganyika na kuwa mfano wa uji. Lakini maji yana njia ya pili ya kufika hapo. Kila lita ya petroli inayoungua huzaa takriban lita moja ya maji, yakiwa katika hali ya mvuke. Sehemu kubwa hutokea kwenye bomba la moshi. Sehemu ndogo hupenya kando ya ringi za pistoni hadi ilipo oili. Injini ikipata moto wa kutosha kwa muda wa kutosha, mvuke huo hufukuzwa. Isipopata, mvuke hugeuka matone penye baridi zaidi, aghalabu chini ya kifuniko kile, kama yafanyavyo matone chini ya mfuniko wa sufuria.

Fundi wa pili, mtu wa makamo, hakushika spana kwanza. Alichomoa kijiti cha kupimia oili: oili ilikuwa nyeusi, haina weupe, wala haikuwa imepanda. Akauliza iwapo maji ya rejeta hupungua. Baba akajibu kwamba hayapungui. Akafungua rejeta injini ikiwa baridi, akaiwasha, asione mapovu. Akautazama moshi mweupe wa asubuhi hadi ukakoma injini ilipopata moto. Dalili zote nne ziliikana habari ya gasketi.

Kesho yake, injini ikiwa imelala baridi, aliiwasha tena akashika paipu ya juu ya rejeta. Ilianza kupata uvuguvugu pole pole, tangu mwanzo. Ingalipasa ikae baridi kwa dakika kadhaa, kisha ipate moto ghafla. Wakazunguka na gari nusu saa. Mshale wa joto ukabaki chini.

"Mzee, themostati iko wapi?"

Haikuwamo. Ilikuwa imeng'olewa miaka mingi nyuma, gari lilipochemka.

Themostati ni mlango mdogo wenye nta. Maji yafikapo nyuzi 80 hadi 90 hivi, nta huyeyuka, hutanuka na kuusukuma mlango, nayo maji yakaenda kupozwa kwenye rejeta. Kabla ya hapo mlango hufungwa ili injini ipate moto upesi. Mafundi wengi kwetu huing'oa, wakidai kwamba nchi ya joto haiihitaji. Kinangop mwezi wa Julai si nchi ya joto! Injini isiyo na mlango huo hukawia kupata moto au isiupate kabisa. Hunywa petroli kupita kiasi, silinda hulika, nayo oili hutanda maziwa.

Themostati mpya ilijaribiwa kwanza katika sufuria ya maji jikoni. Ikafunguka kabla maji hayajatokota. Ikatiwa, oili ikabadilishwa, na baba akashauriwa kuiendesha pikapu hadi Naivasha walau mara moja kwa juma. Utando haukurudi. Mtamba aliuzwa muhula uliofuata, kwa kazi ile ile aliyotengewa.

Fundi wa kwanza aliijua ishara barabara. Alichokosa ni swali la pili. Kwa hiyo, msomaji mwenye gari kuukuu, kabla hujakubali injini ifunguliwe, uliza: Je, maji hupungua? Je, oili imepanda au imekuwa nyeupe kwenye kijiti? Je, moshi mweupe hukoma? Je, rejeta hutoa mapovu? Majibu yakiwa mabaya, zima gari na usiliendeshe tena, kwani hapo gasketi ndiyo ya kushukiwa.