Barua ya Shamba Lililoliwa na Tembo

Hapa Muhokya, kusini mwa mji wa Kasese na pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, mkulima aweza kulala akiwa na mahindi na kuamka akiwa na mabua. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 imeweka utaratibu wa fidia, lakini fidia haidaiwi kwa machozi. Hudaiwa kwa maandishi. Kwa hiyo somo langu la barua rasmi huanzia shambani, wala si katika maombi ya kazi ambayo vitabu huyapenda mno.

Mwanafunzi mmoja aliniletea barua aliyomwandikia bibi yake. Kiswahili chake kilikuwa kitamu. Aya ya kwanza ilimjulia hali afisa pamoja na jamaa zake. Ya pili ilieleza uchungu wa bibi. Tembo alijitokeza katika aya ya tatu, tena katika "shamba letu kule chini". Tarehe haikuwapo.

Usimcheke. Kwetu, anayeanza jambo bila salamu huonekana hakufunzwa adabu. Barua rasmi nayo ina adabu yake, ya kumwonea huruma msomaji asiyekujua, mwenye rundo la karatasi mezani. Salamu yake ni "Bwana" au "Bibi" tu, kisha kichwa cha habari. Wakenya hukianza kwa KUH: au MINT:, Watanzania kwa YAH:; yaani kuhusu, mintarafu, yahusu. Chagua kimoja. "KUH: OMBI LA MSAADA" hakimwelezi afisa lolote, "KUH: MADAI YA FIDIA YA MAHINDI YALIYOHARIBIWA NA TEMBO" kinamwonyesha mara moja barua iende kwa nani.

Tazama pia kitenzi. Yeye alikuwa ameandika "mahindi yaliharibika". Mahindi huharibika kwa jua, kwa wadudu, hata kwa uzembe wa mwenyewe. "Yaliharibiwa na tembo" humtaja mtenda, na katika madai ya fidia mtenda ndiye kesi yote. Kiambishi kidogo tu, nacho chaweza kumkosesha bibi haki yake!

Nilimuuliza: usiku wa tarehe ngapi? Shamba lina ukubwa gani, katika kijiji kipi? Nani alishuhudia? Akaenda nyumbani na daftari, akarudi na tarehe, nusu ekari, na jirani aliyepiga madebe hadi alfajiri. Aya mbili zikatosha, na ya mwisho ikawa na ombi moja: afisa atumwe kukagua hasara.

Barua ilipitia kwa mwenyekiti wa LC1, akaigonga mhuri. Iliwekwa katika Kiingereza, kwa kuwa ofisi zetu bado huandikiana hivyo, ingawa Katiba ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Kuitafsiri kulikuwa kazi nyepesi, maana kila sentensi ilikwisha kujua inachosema.

Jambo moja zaidi: peleka nakala mbili, na yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukimya ukizidi, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005 inakuruhusu kuomba kwa maandishi kumbukumbu zilizo katika ofisi ya umma, nayo ofisi ina siku 21 za kukujibu. Bibi ameiweka nakala yake ndani ya Biblia.