Maji na Redio



Nitakusimulia jambo linalonisuta, nawe ulipime. Mwaka jana nilipanda Njombe kumposea mpwa wangu. Sisi watu wa pwani tukifika kule hutetemeka kwa baridi kama wenye homa. Posa ilipokubaliwa, mzee wa upande wa bibi arusi, Mbena wa maneno machache, alitupeleka Yakobi, akatusimulia habari ya misheni ya Wajerumani iliyoshambuliwa pale na watu wa Mtwa Mbeyela mwezi wa Septemba 1905, katika Vita vya Maji Maji. Waliokuwamo ndani walikuwa na bunduki. Waliokuja walikuwa na mikuki na ile dawa ya maji.

Vijana tuliofuatana nao wakacheka. Ati mtu mzima aamini risasi itageuka maji! Nami nilikuwa karibu kucheka, nikajizuia.

Hebu fikiri. Kinjikitile Ngwale alikuwa akitoa maji yake kule Ngarambe, bara ya Kilwa. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, na miezi miwili haijatimia, neno lake liko Ubena, nchi ya milima, kwa watu ambao hawakupata kumwona. Halikuwa na gazeti wala redio. Lilichukuliwa na wale walioitwa mahongo, likanong'onwa mdomo hadi sikio. Kwa maoni yangu, kila aliyelipokea alitia chumvi ya jikoni kwake: aliyechapwa viboko alitia uchungu wake, aliyetozwa kodi akatia wake. Neno la vita halibishi hodi kwa nguvu. Humkuta mtu amekwisha litandikia mkeka.

Sasa mimi. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Nilikuwa kijana wa miaka 17, nasoma chuoni Tanga. Redio ya Uganda ikajigamba ati wameiteka nchi kwa dakika 25, tukawacheka. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akahutubia, akataja uwezo, sababu na nia ya kumpiga, na hata leo nikiyakumbuka yale maneno mwili hunisisimka. Zikaja nyimbo. Jina la "nduli" likashika ndimi zetu, hata watoto wakigombana huitana hivyo. Wako wazee walioulizana faraghani, je, yule si Mwislamu mwenzetu? Walakini mvamizi ni dhalimu, na kumtoa ilikuwa haki. Hapo sibadili neno.

Lakini vita vya haki navyo vina maji yake. Nilikaa na redio ya mjomba asubuhi na jioni. Nyimbo hazikutaja maiti wetu, nami nikachukulia kuwa hawapo. Siku moja, Februari 1979, jirani yetu aliyekuwa na mwanawe vitani akaniuliza:

"Mwanangu, wewe ndiye msikilizaji. Wanasemaje?"

Nikamjibu kwa sauti nzito, kama mtangazaji: "Mama, wetu wote salama. Redio imesema."

Redio haikusema. Nilisema mimi.

Alifurahi, akapika bokoboko, akagawa nyumba kwa nyumba. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili, na baada yake ndipo ikaja habari ya mwanawe. Alikuwa amekufa tangu Januari.

Wakati ule nilikuwa nimekwisha hifadhi Suratul Hujurat, pamoja na ile aya inayotuamrisha tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu bila kujua. Nikiisoma kwa tajwidi nzuri, na mwalimu akinisifu.

Mama yule hakunilaumu. Iddi ilipofika aliniletea sahani yangu kama kawaida yake. Ila tangu siku ile hakuniuliza tena habari yoyote, na akipita barazani akaikuta redio inasema, huvuta buibui lake akaenda zake.

Pale Yakobi, yule mzee wa Kibena aliona vijana wanacheka nami nimenyamaza. Akanisogelea.

"Sheikh, baridi?"

Nikamwambia, "Baridi, mzee wangu."