Kinyota

Kwenye mafaili ya majina ya intaneti kuna alama moja ninayoiogopa kuliko zote: kinyota. Ukikiweka mbele ya jina la kikoa chako, neno lolote atakalobuni mtu mahali hapo litapata jibu. Andika kahawa, andika asdfgh, unafika kwenye seva ileile. DNS, mfumo unaogeuza majina kuwa namba za mashine, ukiulizwa jina hukwambia namba yake ni hii, au hukwambia jina hilo hakuna. Kinyota kinafuta hilo jibu la pili.

Faida yake naijua. Ihanda iko kando ya barabara kuu, kati ya Vwawa na Tunduma. Malori yanapita usiku kucha, lakini mtandao ukiamua kulala unalala. Vikundi vya wakulima vikiongezeka kila msimu, nani anataka kumsubiri fundi aongeze jina la kila kikundi kipya? Kinyota unakiandika mara moja tu. Na tangu 2018 Let's Encrypt wanatoa bure cheti cha usalama kinachofunika majina yote hayo, ingawa kwa ngazi moja tu, jambo ambalo wengi hulisahau.

Ndivyo walivyofanya waliotengeneza mfumo wa kuhesabu kahawa anaoutumia mjomba wangu, katibu wa kikundi kimoja huku. Kikundi kina CPU yake. (Wenzangu wa chuo hucheka, lakini Mbozi CPU ni mtambo wa kumenya kahawa mbivu.) Jioni moja mjomba aliruka herufi moja kwenye jina la kikundi. Ukurasa ukafunguka kama kawaida. Seva, kwa kutolijua jina lile, ikampa daftari la kwanza kwenye orodha, la kikundi kingine kabisa, naye akaingiza kilo za watu kumi na mmoja.

Siku ya malipo mama mmoja alisimama na risiti yake mkononi. Kilo zake hazikuwepo.

"Katibu, mimi kahawa niliibeba kichwani, sikuibeba kwenye simu."

Risiti za karatasi ndizo zilizomwokoa mjomba, lakini baada ya wiki mbili za kunong'onwa kuwa ni mwizi. "Ingeniambia tu hakuna," aliniambia, "ningerudia kuandika."

Watu wazito wameshagombana kwa jambo hilihili. Tarehe 15 Septemba 2003, VeriSign, wasimamizi wa .com na .net, waliweka kinyota juu kabisa, kwenye .com na .net zenyewe. Kila aliyekosea jina akaangukia kwenye ukurasa wao, Site Finder. Vichujio vya barua taka vilivyokuwa vikikagua kama kikoa cha mtumaji kipo, ghafla vikaambiwa vyote vipo. ICANN wakawabana, na tarehe 4 Oktoba kikazimwa. Mwaka 2006 ikawa zamu ya Kameruni na .cm yake: ukisahau "o" ya .com, unapokelewa na matangazo.

Hata fundi anaweza kunaswa. Kinyota hujibu kwa jina lisilokuwepo kabisa. Ukishaliandikia jina rekodi yake yoyote, hata ya maandishi matupu, kinajitoa kwa jina hilo. Kwa hiyo ukiwa na kinyota cha barua pepe, halafu ukakiongezea kikundi kimoja namba ya seva yake, barua za kikundi hicho zinaacha kufuata njia uliyoipanga, na hakuna kengele inayolia.

Sikikatai moja kwa moja. Anayekitaka aifundishe seva yake kukataa jina isilolijua. Wale wa mfumo wa kahawa walichagua kukiondoa na kuandika vikundi kimoja kimoja. Mjomba alijaribu mbele yangu, akaruka herufi kwa makusudi. Simu ikasema ukurasa haupatikani. Akacheka, kisha akanipa kalamu nimwandikie jina sahihi kwenye jalada la daftari lake.